Ibn al-Nafis na mishipa isiyoonekana: historia ya kuupima moyo uliobanwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, makala hii ni ya historia, lakini imeanzia kwenye kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja wa makamo, mwalimu wa watoto katika madrasa ya mtaani kwetu, mwenye kisukari cha muda mrefu. Alikuwa akibanwa kifua kila apandapo ngazi. Alikwisha kufanyiwa uchunguzi wa mishipa ya moyo, akaambiwa kuwa mshipa mmoja umebanwa kiasi cha nusu, lakini umepimwa na hauhitaji kufunguliwa. Ramadhani ilikuwa imekaribia, akaja kuuliza kama anayo ruhusa ya kula. Nikamuuliza: "Madaktari wamesema nini juu ya moyo?" Akajibu: "Wamesema mishipa haina neno, Sheikh. Lakini maumivu yapo, na mimi si mvivu wa kufunga." Nikamwambia kwamba ikiwa mishipa haina neno basi udhuru haupo; asome dua na aondoe wasiwasi. Akafunga. Siku ya tisa jirani zake walimpeleka hospitali hana nguvu. Alhamdulillah alipona, na daktari mwingine aliyempima upya akakuta kwamba ugonjwa upo, nao uko katika mishipa midogo ya moyo, ile ambayo picha haiioneshi.

Tangu siku hiyo nilitaka kujua: vipi moyo upimwe na uambiwe hauna neno, kisha uwe na neno? Nilianza kusoma na kuwauliza matabibu. Ajabu ni kwamba njia ya jibu ilinirudisha kwa mtu ambaye sisi wanafunzi wa fiqhi tunapaswa kumjua zaidi kuliko matabibu wanavyomjua.

FAQIHI ALIYEKUWA TABIBU

Mtu huyo ni Alaud-Din Ali bin Abil-Hazm al-Qarshi, mashuhuri kwa jina la Ibn al-Nafis (Rahimahullah). Alizaliwa katika ardhi ya Sham mwanzoni mwa karne ya saba Hijria, akasoma udaktari Damascus katika Bimaristani an-Nuri, hospitali iliyojengwa na Sultani Nurud-Din Zengi, chini ya mwalimu Muhadhdhabud-Din ad-Dakhwar. Kisha akahamia Misri. Huko Cairo alikuwa tabibu mkubwa, na wakati huohuo akisomesha fiqhi ya madhehebu ya Shafii katika Madrasa ya Masruriyya. Tajud-Din as-Subki alimwandika katika kitabu chake cha tabaka za wanachuoni wa Kishafii. Ameacha maandishi katika usuli za hadithi na katika sira ya Mtume (S.A.W.). Alifariki Cairo mwaka 687 Hijria, sawa na 1288 Miladia, na nyumba yake pamoja na vitabu vyake aliviacha wakfu kwa Bimaristani ya Mansuri, hospitali iliyojengwa na Sultani Qalawun.

Katika ujana wake aliandika sherehe ya sehemu inayohusu maumbile ya viungo katika kitabu cha al-Qanun cha Ibn Sina. Wakati ule matabibu wote, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, walikuwa wakimfuata Jalinus, tabibu wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Jalinus alisema kwamba damu hupita kutoka chumba cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kwa vitundu vidogo vilivyomo katika ukuta unaovitenga. Ibn al-Nafis alikataa. Alisema ukuta huo ni mnene na hauna tundu la kuonekana wala la kujificha. Kwa hiyo damu haina njia ila itoke chumba cha kulia, iende mapafuni, ichanganyike na hewa, kisha irudi chumba cha kushoto. Na ili hilo liwezekane, akasema, lazima pawepo vipenyo baina ya mshipa unaoleta damu mapafuni na ule unaoiondoa.

Jambo la pili alilolisema halitajwi sana, nalo ndilo linalogusa maudhui yetu. Waliomtangulia walidhani kwamba moyo hujilisha kwa damu iliyomo ndani ya vyumba vyake. Yeye akasema hapana: chakula cha moyo ni damu ipitayo katika mishipa iliyoenea ndani ya mwili wa moyo wenyewe. Hiyo ndiyo mishipa ambayo leo ikibanwa mtu hupata maumivu ya kifua na hata kufariki.

Zingatia, ndugu yangu mwanafunzi, namna alivyofikia hapo. Yeye mwenyewe ameandika kuwa sharia na huruma vilimzuia kupasua miili. Vipenyo vile vya mapafuni hakuna jicho lililokuwa limeviona. Alichokifanya ni kazi ambayo faqihi huifanya kila siku: aliipima kauli ya mkubwa kwa hoja, akaona haisimami, akathibitisha kilichofichika kwa ulazima wa kilicho dhahiri.

KUTOKA CAIRO HADI BOLOGNA

Maneno yake juu ya mapafu yalilala vitabuni kwa muda mrefu. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichothibitisha kuwa damu huzunguka mwili mzima na kurudi moyoni. Lakini naye alikwama palepale: hakuona damu inavyovuka kutoka mishipa inayotoka moyoni kwenda kwenye mishipa inayorudi. Alifariki mwaka 1657. Miaka minne baadaye, mwaka 1661, Mtaliano Marcello Malpighi wa Bologna alitazama mapafu ya chura kwa darubini ya kukuzia vitu, akaiona mishipa myembamba kuliko unywele inayounganisha pande mbili. Leo tunaiita kapilari. Vipenyo ambavyo Ibn al-Nafis alivithibitisha kwa hoja vilionekana kwa jicho baada ya karne nne hivi.

Ulimwengu ulimkumbuka Ibn al-Nafis mwaka 1924, pale tabibu wa Kimisri Muhyid-Din at-Tatawi, akisoma Ujerumani, alipokuta nakala ya sherehe ile katika maktaba ya Berlin na kuiandikia tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Freiburg.

ZAMA ZA KUHUKUMU KWA PICHA

Karne ya ishirini ilileta eksirei, na kwa eksirei jicho likapata nguvu mpya. Mwaka 1929 kijana wa Kijerumani Werner Forssmann alijitia mrija mwembamba, yaani katheta, kupitia mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni. Mwaka 1958 Mason Sones, katika mji wa Cleveland, Marekani, alimwaga dawa ya rangi moja kwa moja ndani ya mshipa unaoulisha moyo, na picha ikaonesha wapi njia ni pana na wapi ni nyembamba. Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipanua kwa puto mshipa uliobanwa wa mgonjwa aliye macho. Katika mwaka 1986 zikaanza kuwekwa stenti, vijibomba vya wavu wa chuma vinavyouzuia mshipa usijifunge tena.

Hizi ni neema kubwa, na wengi wameokoka kwazo. Lakini ikajengeka desturi ya kuhukumu kwa asilimia: mshipa umebanwa 50, umebanwa 70, basi ufunguliwe. Jicho likawa ndiye kadhi.

Mwaka 1974 Lance Gould na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa mbwa. Walikuta kwamba mnyama akiwa ametulia, damu ipitayo mshipani haipungui mpaka upana wake ubanwe kiasi cha asilimia 85. Lakini moyo ukihitaji damu kwa wingi wake wote, upungufu huanza kuonekana mapema sana, mshipa ukiwa umebanwa asilimia 30 hadi 45 tu. Na mwaka 1984 Carl White na wenzake huko Iowa walipima mwendo wa damu wakati wa upasuaji wa moyo, wakaulinganisha na asilimia zilizosomwa kwenye picha. Viwili hivyo havikuafikiana. Picha ilikuwa inaonesha umbo la njia; haikuwa inaonesha kinachopita njiani.

MFANO WA BOMBA ZA KUTAWADHIA

Nitatoa mfano ambao kila imamu anaujua. Msikiti una tangi juu, bomba kubwa linaloshuka, na mwisho wake safu ya bomba ndogo za kutawadhia. Tuseme ndani ya bomba kubwa pameingia taka ikalibana. Siku za kawaida, akitawadha mtu mmoja au wawili, hutajua. Atafungua bomba lake kidogo zaidi na maji yatamtosha. Ijumaa, bomba zote zikifunguliwa kwa pamoja, ndipo maji yanapokatika. Taka ni ileile. Kilichobadilika ni mahitaji.

Mshipa mkubwa wa moyo ni bomba linaloshuka, na bomba za kutawadhia ni mishipa midogo iliyomo ndani ya nyama ya moyo, ambayo upana wake haufiki nusu ya milimita na picha haiioneshi. Hiyo midogo ndiyo inayofungua na kufunga kulingana na haja. Mshipa mkubwa ukibanwa, midogo hupanuka ili kufidia, na mtu akiwa amekaa hatahisi chochote. Basi mishipa midogo, kwa uzima wake, huficha ubaya wa mkubwa.

Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990, Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji walibuni njia ya kuifanya siku ya kawaida iwe Ijumaa. Hupitisha waya mwembamba wenye kipima shinikizo hadi ng'ambo ya sehemu iliyobanwa, kisha humpa mgonjwa dawa, mara nyingi adenosini, inayoipanua mishipa midogo kwa ukomo wake. Halafu hugawanya shinikizo la ng'ambo kwa shinikizo la kabla ya kizuizi. Ikiwa kabla ni 100 na ng'ambo ni 75, jibu ni 0.75. Madaktari hukiita kipimo hiki kwa herufi FFR. Mwaka 1996 walichapisha matokeo ya wagonjwa 45: wote 21 waliokuwa chini ya 0.75 walithibitika kwa vipimo vingine kwamba moyo wao unakosa damu.

Kisha ukafuata utafiti uitwao FAME, uliochapishwa mwaka 2009, wenye wagonjwa 1005 wa Ulaya na Marekani. Nusu yao waliwekewa stenti kwa hukumu ya picha, na nusu kwa hukumu ya kipimo, mpaka ukiwa 0.80. Baada ya mwaka mmoja, vifo, mishituko ya moyo na kurudiwa kwa matibabu vilikuwa asilimia 18.3 kwa kundi la picha, na 13.2 kwa kundi la kipimo, ilhali kundi la kipimo liliwekewa stenti chache zaidi. Na katika mishipa ambayo jicho lilisema imebanwa kati ya asilimia 50 na 70, takriban theluthi mbili kipimo kilisema haizuii damu kwa kiasi cha kudhuru.

MISHIPA MIDOGO INAPOUGUA

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mwalimu wa madrasa. Kipimo cha shinikizo kimejengwa juu ya sharti moja: kwamba dawa ikitiwa, mishipa midogo itapanuka kikamilifu. Sharti likikosekana, hukumu nayo hutikisika.

Rudi msikitini. Tuseme bomba za kutawadhia zimeshika kutu na hazifunguki zaidi ya robo. Ijumaa imefika, watu wamezungusha bomba zote, lakini maji yanatoka matone. Sasa chukua kipima shinikizo ukiweke chini ya ile taka, kabla ya kufika kwenye bomba za kutawadhia. Utakuta shinikizo liko juu! Kwa nini? Kwa sababu maji hayaendi mbio, na maji yasiyokwenda mbio hayapotezi nguvu nyingi yanapopita kwenye kizuizi. Atakayesoma kipimo atasema bomba kubwa ni zima, na watu wamesimama na udhu haujakamilika.

Ndivyo ilivyo kwa moyo. Kizuizi kilekile ambacho kingesomeka 0.75 kwa mtu mwenye mishipa midogo mizima, chaweza kusomeka 0.85 au zaidi kwa mtu ambaye mishipa yake midogo imekakamaa. Kisukari, shinikizo la damu la muda mrefu na kunenepa kwa ukuta wa moyo ni miongoni mwa mambo yanayoiharibu. Vilevile mtu aliyepata mshituko wa moyo siku hizohizo: mishipa midogo ya sehemu iliyoumia huwa imepigwa ganzi au imeziba, na kipimo cha mshipa ulioleta mshituko huweza kuonesha wepesi usiokuwepo. Kwa hiyo, mishipa midogo ikiwa mizima huficha kizuizi wakati wa utulivu, na ikiwa migonjwa hukificha hata wakati wa dawa.

Je, basi kipimo kilisema uongo? La. Nilipomuuliza tabibu mmoja, alinifahamisha jambo ambalo faqihi hulielewa upesi. Kipimo hiki hujibu swali moja: kizuizi hiki kinaipunguzia kiasi gani damu ambayo mishipa midogo ya mtu huyu inaweza kuipokea leo? Kikisema 0.88, maana yake ni kwamba kukifungua kizuizi kwa stenti kutamfaa kidogo tu, kwa kuwa stenti haitibu mishipa midogo. Hilo ni kweli. Lakini swali la pili, je, moyo wa mtu huyu unapata damu ya kutosha, halikuulizwa, na kulijibu kwa jawabu la swali la kwanza ni kosa.

Kwa swali la pili pana vipimo vingine. Kimoja hulinganisha mwendo wa damu wakati wa dawa na wakati wa utulivu. Moyo mzima huongeza mara kadhaa, na usipofikia hata maradufu pana tatizo. Kingine kilielezwa mwaka 2003 na William Fearon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford: hutiwa maji ya chumvi yenye baridi kuliko damu, hupimwa muda yanaochukua kufika mbele, na muda huo huzidishwa kwa shinikizo la ng'ambo. Jibu likiwa 25 au zaidi, mishipa midogo inapinga damu kupita kiasi. Vyote hivi hufanywa kwa waya uleule, katika kikao kilekile. Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa zimeonesha kuwa wale ambao kipimo cha shinikizo ni kizuri lakini mwendo wa damu ni dhaifu, hali yao baadaye huwa mbaya kuliko wale ambao vyote viwili ni vizuri.

WASIWASI AU MARADHI?

Mwaka 1973 tabibu wa Marekani Harvey Kemp aliwaandika wagonjwa wenye maumivu ya kifua na picha safi chini ya herufi X, alama ya kisichojulikana. Wengi wa wagonjwa wa namna hii ni wanawake, na kwa muda mrefu waliambiwa kuwa ni hofu tu. Kuanzia mwaka 1996 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia moyo, mapafu na damu ilidhamini utafiti wa wanawake uitwao WISE. Kati ya wale wenye maumivu ambao mishipa yao mikubwa haikuwa imezibwa, takriban nusu walikutwa na kasoro ya mishipa midogo. Mwaka 2018 utafiti wa Scotland uitwao CorMicA ulionesha kwamba wagonjwa kama hao, wakipimwa mishipa midogo na kutibiwa kulingana na kilichoonekana, maumivu yao hupungua na maisha yao huwa mepesi kuliko wasiopimwa. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 unapendekeza upimaji huo kwa mgonjwa ambaye maumivu yanaendelea licha ya dawa.

FUNZO KWETU

Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe wakiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa, kwani maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwalaumu lawama kali, akabainisha kuwa tiba ya kutojua ni kuuliza. Watu wale hawakukosea kwamba maji yalikuwepo. Walichokosea ni kuhukumu juu ya jeraha wasilolijua. Nami sikukosea kwamba mshipa wa yule mama haukuhitaji stenti. Nilikosea kuigeuza kauli hiyo ikawa hukumu ya funga yake.

Ndugu zangu maimamu, maulamaa wetu wa usuli walitufundisha kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Leo hata hapa kwetu uchunguzi wa moyo kwa katheta umekuwa jambo la kawaida. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, huufanya, na waumini watatujia na karatasi zao. Akitujia mtu na karatasi isemayo mshipa umebanwa asilimia 60, tusimtie hofu. Asilimia pekee si hukumu. Akitujia mwingine asemaye mishipa haina neno na maumivu yapo, tusimwambie ana wasiwasi, wala tusikimbilie kumhukumu kuwa ana jini. Tumsomee ruqya kwani ni sunna, na tumrudishe kwa tabibu na maswali mawili: Je, mishipa midogo imepimwa? Na je, kufunga kunamdhuru? Jibu la tabibu mwaminifu juu ya swali la pili ndilo tutakalojengea fatwa.

Yule mama bado anasomesha. Funga alizozikosa analisha masikini kwa ushauri wa tabibu wake. Nilikwenda kwake pamoja na mumewe nikaomba radhi. Akasema: "Sheikh, mimi nilikwambia maumivu yapo."

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyasema bila ya ujuzi, amrehemu Ibn al-Nafis, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wallahu A'lam.